Mmeokota nini mtandaoni, na mwampelekea nani?

Kasia la Likoni aliandika:

Hamjambo wenzangu. Nina swali, lakini niwaeleze kwanza linatoka wapi.

Mie nahesabu mizigo kwenye godauni moja Shimanzi, na nakaa Likoni. Nina marafiki wanne ambao sijapata kuonana nao ana kwa ana. Mmoja ni mwalimu Tanga, mmoja muuguzi Muscat, mmoja alikuwa mvuvi Kipini akaacha bahari akafungua duka, na wa nne ni kijana wa Kisumu anayesomea mambo ya miamba. Tulijuana kwenye mabishano ya mpira. Mpira ukatuchosha, tukabaki na desturi moja: Alhamisi usiku kila mtu analeta kitu cha ajabu alichokiokota mtandaoni. Si siasa, wala si kichekesho kilichokwisha kuzunguka nchi nzima. Kitu ambacho mwenzio asingekutana nacho mwenyewe.

Muuguzi wetu, kwa mfano, ndiye aliyetuletea WindowSwap. Ni mahali ambapo watu wa dunia nzima huweka video ya kile kinachoonekana dirishani mwao, basi. Waliianzisha mke na mume huko Singapore mwaka 2020, wakati wa kufungiwa majumbani. Yeye akitoka zamu ya usiku hufungua dirisha la mtu asiyemjua, akatazama mvua ikinyesha kwa watu, ndipo alale.

Sasa grupu limepanuka, wameingia wengine, na kila asubuhi ni video za kuforwadi, ujumbe wa "tuma kwa watu kumi", na linki tupu usizojua ndani mna nini. Watu wameacha kufungua. Inaniuma, maana hawa ni watu wangu kweli.

Juzi jioni nilikuwa kwenye feri, imejaa pomoni, mikokoteni na baiskeli za madafu. Tukazuiwa tupishe meli ya makontena iliyokuwa ikiingia Kilindini. Watu wananung'unika. Nikafungua MarineTraffic, ramani ya mtandaoni inayoonyesha meli zilipo, nikaigusa alama ya meli ile ile iliyokuwa mbele ya macho yangu: jina lake, urefu, mwendo, bandari ilikotoka, bendera ya Liberia. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akachungulia. "Mwanangu, hiyo simu yaiona ile meli?" Nikamweleza kuwa meli yenyewe ndiyo inayojitangaza. Meli ya tani 300 kwenda juu ikisafiri nchi hadi nchi, sheria yailazimu kubeba chombo kinachorusha jina lake na mahali ilipo kwa mawimbi ya redio, ili zisigongane. Antena za pwani hudaka, na ramani hujichora. Basi akanipa jina la meli aliyoko mwanawe, baharia. Tukaikuta imetia nanga Durban. Akaniomba nimsomee tena, akanitajia mji ule kwa sauti, kisha akauliza kama huko sasa ni usiku.

Usiku huo nikaipeleka kwa grupu, lakini nilimwandikia yule wa Kipini kwa jina: "Wewe uliyesema ukiziona taa usiku hujui ni nani anapita, fungua hapa, utazame mlango wa Mto Tana." Alikesha.

Kwa hivyo swali langu: nyinyi mwachimba wapi? Na mwafanyaje hata mwenzio afungue na ajibu?

Mshona Vito wa Kibokoni alijibu:

Mwanangu Kasia, umeuliza jambo la maana. Mimi ni mwalimu mstaafu, nashona kofia za vito, na grupu langu ni la washonaji wenzangu, Lamu hadi Jeddah.

Ninakochimba mimi ni kwenye hifadhi za picha za vyuo vikuu. Chuo cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton: picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za mwaka 1860 hadi 1960, na mtu yeyote hutazama bure. Weka neno Mombasa, kisha usiwe na haraka.

Wangapi wenu mwajua kuwa mji huu ulikuwa na troli? Zamani za Waingereza, kabla magari hayajaenea, palitandikwa reli nyembamba barabarani. Juu yake kibehewa chenye kiti na paa la turubai. Bwana mkubwa amekaa na kofia yake ya jua, na nyuma vijana wanasukuma kwa mikono. Hapana injini, hapana punda. Kadi za posta za wakati ule zimejaa picha hizo. Nilipompelekea shoga yangu wa Jeddah, aliyezaliwa Mji wa Kale akaolewa huko, aliniletea ujumbe wa sauti mrefu, nikausikiliza hadi chai ikapoa. Hakuzungumza habari ya bwana mkubwa. Alizungumza habari ya wale wanaosukuma, ni watoto wa nani, walilipwa nini, walilala wapi. Tumekuwa tukitafuta majina yao tangu hapo, kwenye maelezo ya chini ya picha, na hayaandikwi.

Nikusihi jambo moja. Usitume picha peke yake. Andika imetoka hifadhi gani, na uandike mwaka ikiwa umeandikwa. Nimekwisha kuona Ngomeni yetu, Fort Jesus, imeitwa ngome ya Zanzibar, imesambaa, na wajukuu zetu wanaamini.

Fundi Mwembe Tayari alijibu:

Shikamoo Bi. Naheshimu maneno yako, ila kwenye maelezo marefu sikubaliani. Ukimweleza mtu kila kitu kabla hajafungua, utamu umeisha, atakwambia "asante" na kupita. Mie hutuma swali tu.

Nina rafiki Fujairah, fundi simu kama mie. Nilimuuliza: "Wajua mimi na wewe tumefungwa kamba moja?" Akadhani nimepandwa na mapepo. Nikamtumia ramani ya nyaya za chini ya bahari ya TeleGeography, ni bure, kila waya una rangi yake. Ule wa TEAMS waanzia hapa Mombasa, ukaishia kwao Fujairah. Ulifika mwaka 2009, mwaka mmoja na SEACOM. EASSy ukafuata 2010, na baadaye LION2, huu unatua Nyali. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilipanda juu kwa setelaiti ikarudi, ghali na ya kujikokota. Wenye umri wangu wanakumbuka saiba tulivyolipa kwa dakika, na picha moja yashuka mstari kwa mstari.

Na ule waya wa kilindini, nje ya maji ya pwani, haupiti unene wa mpira wa kumwagilia maua. Ndani yake ndimo mnapita simu zetu, benki zetu na hizo video za kuforwadi. Mwaka 2012 meli moja ilitia nanga pasipostahili, nje ya bandari yetu hapa, ikaukata wa TEAMS, tukabaki na intaneti ya kusuasua. Ndiyo maana nikiuona mchoro ule sichoki. Nimeuchapisha, nimeubandika juu ya meza yangu ya kazi, na wateja huusoma wakisubiri skrini zao.

Tononoka Juu alijibu:

Mie napenda vile ambavyo havina faida yoyote. Mwaka 1991, Chuo cha Cambridge, watu wa maabara ya kompyuta walichoka kupanda ngazi kwenda kukuta birika la kahawa ni tupu. Wakalielekezea kamera, kila mtu akawa analiona kwenye kompyuta yake. 1993 picha ikaingia kwenye wavuti, na ulimwengu ukawa watazama birika. Liliposimamishwa mwaka 2001, birika lenyewe liliuzwa mnadani, gazeti la Kijerumani la mtandaoni, Spiegel Online, likalinunua kwa pauni 3,350. Nilimtumia binamu yangu anayeuza kahawa chungu na kashata karibu na Ngomeni. Akajibu: "Na dele langu wanunue."

Salama Changamwe alijibu:

Mambo mazuri, lakini bando? Mimi nanunua la siku. Ramani ya meli itanimalizia kabla ya magharibi. Na linki nyingine nazikuta zimekufa.

Kasia la Likoni alijibu:

Nashukuru sana, nyote.

Dada Salama, video za madirisha na Radio Garden ndizo zinazokula bando. Hiyo ya pili nakushauri uingoje siku upatapo waifai ya bure: ni tufe la dunia, lilitoka Amsterdam mwaka 2016, kila nukta ni mji, ukigusa wasikia redio ya hapo wakati huo huo. Picha na ramani za zamani hazili sana, mradi usizikuze. Na linki zilizokufa zina dawa. Chukua anwani yake uitie kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandaoni, mara nyingi utakuta nakala. Mie nikipata ukurasa wa mtu binafsi, hasa ule wa mzee mmoja anayekusanya kitu chake cha ajabu, nauhifadhi humo kwanza kabla sijamtumia mtu, maana kurasa za namna hiyo huondoka na mwenyewe.

Bi, na wewe Fundi, nadhani nyote mna haki. Nitamwambia mtu atazame wapi, nisimwambie ataona nini. Nimelijaribu juzi kwa mwalimu wa Tanga. Kuna karatasi moja ya mwaka 1572, kazi ya Braun na Hogenberg wa Cologne, imechora miji minne pamoja: Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala. Nikamwandikia: "Tafuta Ngomeni kwenye Mombasa hii." Akatafuta, akavuta picha, akanipigia simu usiku akilalamika kuwa haipo. Haipo kweli, Wareno walianza kuijenga 1593. Kesho yake akaipeleka darasani, akawauliza wanafunzi swali lile lile.

Habari ya grupu: nimeongea na wale wanne, tumekubaliana kufungua jingine dogo. Watakaoingia waje na kitu mkononi, na waseme wamemletea nani.

Bi, naomba linki yenyewe ya ile picha ya troli, si skrinishoti. Kijana wetu wa Kisumu amekuwa akiniuliza reli ile ilipita barabara zipi, na ninyi wa Mji wa Kale mtajua zaidi ya sisi wa ng'ambo.

Mshona Vito wa Kibokoni alijibu:

Nakutumia sasa hivi. Mwambie aanzie Ndia Kuu, na akipata jina hata moja la msukumaji aniletee.