Naombeni ushauri: mpwa wangu ana kipaji kikubwa cha mpira lakini majeraha hayamwachi, na usajili umekaribia

Mjomba wa Pasua
Wakuu, heshima kwenu. Nina mpwa wangu wa miaka 21, winga, ambaye wafuatiliaji wa mechi za mchangani hapa Moshi wanamfahamu vizuri, kwa kuwa tangu akiwa sekondari watu wamekuwa wakiacha shughuli zao kwenda kumtazama. Tatizo ni majeraha. Kila anapoanza kung'ara huumia: mara nyama za paja, mara enka, na sasa goti la kulia. Akikaa nje wiki chache hurudi, hufunga, kisha huumia tena. Mtaani wameanza kumwita Pancha, na kocha wake wa zamani alikuwa akiwaambia wenzake waziwazi kwamba kijana huyu huchagua mechi. Hivi sasa kuna timu ya Dar es Salaam inayomhitaji, nami ndiye ninayesimamia mambo yake kwa sababu baba yake alikwisha kutangulia mbele ya haki. Swali langu ni dogo tu: kuna chakula, dawa au mazoezi gani ya kumfanya mchezaji asiumie ovyo?

Mzee wa Kiboriloni
Supu ya kongoro kila asubuhi, na alale mapema. Wachezaji wa zamani walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka Old Moshi hadi mjini, wanacheza dakika 90 na kurudi kwa miguu. Vijana wa leo wanapanda bodaboda kwenda dukani, halafu mnashangaa misuli ikikatika. Na huyo Pancha mchunguzeni anakopitia baada ya mechi.

Mama Sakina
Mzee, mtoto wa watu anaumwa, wewe unamtafutia dhambi. Mjomba, mwombeeni pia. Nyota ikianza kuonekana, wapo wasiopenda.

Fizio Mstaafu
Nimefanya kazi ya tiba ya viungo kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba tuliweke kongoro pembeni kidogo. Kuhusu nyama za nyuma ya paja, dalili kubwa kuliko zote kwamba zitachanika tena ni kwamba zilikwisha kuchanika na mchezaji akarudi kabla hazijapata nguvu. Kuna zoezi moja lisilo na gharama: apige magoti juu ya godoro, mwenzake amshike vifundo vya miguu, kisha ajiachie kwenda mbele polepole akiwa amenyooka, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja hadi itakaposhindwa. Likifanywa kwa kufuata utaratibu, hupunguza sana majeraha hayo. Lakini habari ya goti umeipitia kwa haraka mno, ndugu yangu. Siku ya kwanza alipoumia alisikia mlio? Lilivimba siku hiyohiyo? Hulegea anapogeuka? Lilipigwa picha?

Mjomba wa Pasua
Asante, daktari. Zoezi hilo ataanza kesho. Picha ilipigwa, na walieleza mambo mengi ya kitaalamu. Kwa sasa ninachohitaji ni namna ya kumweka sawa kabla ya vipimo vya afya vya timu, ambavyo ni wiki ijayo.

Beki Tatu
Mkuu, uliposema mambo mengi ya kitaalamu umenikumbusha fundi wangu wa gari, ambaye husema hivyo kila injini inapokuwa imekufa. Yataje tu.

Mjomba wa Pasua
Sawa, kwa kuwa mmeshikilia. Picha ya MRI ya goti la kushoto ilionyesha kwamba ligamenti ya mbele, ile ya ndani kabisa ya goti, imekatika. Tulishauriwa afanyiwe upasuaji na akae nje kwa takriban miezi 9. Fedha hatukuwa nazo, na yeye mwenyewe alikuwa akitembea bila kuchechemea, hivyo tukaona aendelee taratibu. Wakala amekwisha kutupatia sehemu ya fedha ya usajili, nayo tumeitumia kupaua nyumba ya mama yake, ambayo ilikuwa ikivuja kila masika. Nimempata mtu wa kumchoma sindano ya ganzi asubuhi ya vipimo ili asionyeshe maumivu. Kabla hamjanihukumu, kumbukeni kwamba Ronaldo wa Brazil aliumia goti mwaka 1999 akiwa Inter, watu wakamzika akiwa hai, na mwaka 2002 akachukua Kombe la Dunia kwa mabao 8. Jina la mchezaji likishatoka kwamba ana goti bovu, hakuna timu itakayompokea.

Kifimbo cha Kaloleni
Mjomba, mimi nilikuwa beki wa kulia hapa Arusha, na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid nimeucheza mara nyingi. Goti langu lilitoa mlio kama kijiti kinachovunjwa. Viongozi walinipeleka kwa mchuaji, akalinyoosha kwa mafuta ya moto, na mechi iliyofuata nikapigwa sindano nikacheza. Sikuhisi chochote, na hapo ndipo palipokuwa na balaa, kwa sababu nilikimbilia goti ambalo halikuwa na kitu cha kulishikilia. Leo naendesha daladala, na jioni baada ya kukanyaga klachi siku nzima nashuka kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Swala naswalia kwenye kiti. Kinachoniuma kuliko goti ni kwamba watu wa rika langu wananikumbuka kuwa mvivu. Hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba nilikuwa mgonjwa, kwa sababu tulificha, na asiyeambiwa ugonjwa huona uvivu.

Mzee wa Kiboriloni
Wajomba wa siku hizi wamekuwa madalali wa wapwa zao. Zamani mjomba alikuwa wa kutoa mbuzi, si wa kupokea.

Mjomba wa Pasua
Mzee, nimemsomesha mimi, na viatu vyake vya kwanza nilinunua mimi pale Memorial. Fedha yote imeingia kwenye nyumba ya dada yangu.

Fizio Mstaafu
Huo mfano wa Ronaldo umeukata katikati. Kwanza, kilichomuumiza kilikuwa kano ya pia ya goti, si ligamenti hiyo ya mpwa wako. Pili, alirudi uwanjani Aprili 2000 katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, akacheza dakika chache, na kano ikakatika kabisa bila yeye kuguswa na mtu. Huyo wa mwaka 2002 ni yule aliyepasuliwa upya na kukaa nje kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kuhusu sindano, ganzi huondoa maumivu na si ulegevu. Daktari wa timu atamlaza chali, atamkunja goti, atashika mfupa wa ugoko kwa mikono miwili na kuuvuta mbele. Ukija mbele kuliko wa mguu wa pili, amekwisha kujua. Tena mwenye maumivu hukaza misuli bila kukusudia na kuuficha ulegevu, ilhali aliyepigwa ganzi huilegeza, kwa hiyo huenda unalipia sindano ya kumsaidia daktari kugundua. Na kila goti linapochomoka uwanjani, gegedu na vile visahani vya ndani husagika, navyo havirudi kama vilivyokuwa.

Hilo la kutopokelewa na timu nalo lina majibu yake. Ledley King wa Tottenham alikuwa na goti ambalo kila mtu klabuni alilijua. Mazoezi na wenzake aliyafanya kwa nadra, aliogelea badala yake, akawa nahodha hadi alipostaafu mwaka 2012. Hakuna aliyemwita mvivu, kwa sababu ratiba ya kazi yake ilipangwa kulingana na goti lenyewe.

Msema Kweli wa Unga Limited
Samahani wakuu, naona mnapoteza muda. Rudini juu msome. Mwanzo goti bovu lilikuwa la kulia, walipombana likawa la kushoto. Tena winga mwenye ligamenti iliyokatika anafunga mabao mchangani na timu ya Dar es Salaam inamgombania? Hii ni hadithi ya kutunga, na kesho mtaombwa mchango wa upasuaji.

Mama Sakina
Hata mimi hapo nilisita. Mjomba, goti ni lipi?

Mjomba wa Pasua
Sijatunga na sijaomba senti ya mtu. Lililokatika ni la kushoto, tangu mwaka jana. La kulia limeanza baadaye, nadhani kwa kuwa anauegemea mguu huo, na mwanzo nilitaja la kulia kwa sababu ndilo analolilalamikia sasa. Skauti walimwona siku mbili ambazo alikuwa mzima.

Beki Tatu
Yaani kila tunapobisha linaongezeka goti. Tumwache kabla hatujafika kwenye viwiko.

Msema Kweli wa Unga Limited
Bado siamini, ila kama ni kweli, basi ni vibaya zaidi.

Fizio Mstaafu
Iwe kweli au hadithi, wako vijana wengi wanaosoma hapa wenye goti la aina hiyo, kwa hiyo nitajibu. Mpeleke hospitali ya KCMC na picha zake zote, magoti yote mawili yaangaliwe, kisha mwende kwa wakala na ripoti mkononi kabla ya siku ya vipimo. Mwombeni timu imsajili ikijua na igharimie upasuaji, au usajili usogezwe hadi dirisha lijalo. Wakikataa, fedha ya awali mtairudisha kidogo kidogo kwa maandishi. Akianguka kwenye vipimo mkiwa mmeficha, bado atadaiwa, na taarifa hiyo itazunguka kwa mawakala wote.

Mjomba wa Pasua
Kurudisha si rahisi, bati haziwezi kushushwa. Wakala naye ni mtu mkali. Nilikuwa nawaza afanye vipimo kwanza, tukishaona hali ndipo tuseme.

Kifimbo cha Kaloleni
Uzi wote huu umetueleza unachotaka wewe, anachotaka wakala na alichosema kocha. Kijana mwenyewe anasemaje?

Mjomba wa Pasua
Nitamuuliza akirudi. Saa hizi yuko mazoezini.

Beki Tatu
Kwa goti lipi?