Amenifutia taji la singe kwa msasa, kisha ananidai malipo!

Waheshimiwa wakusanyaji, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule bingwa wetu wa ukarabati, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa hakuna hapa ambaye hajawahi kulizwa naye, jana jioni amenirudishia singe yangu ya 98/05, aina ya Kijerumani ya wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, ikimetameta kama kijiko cha harusi, na kwa fahari kabisa akaniambia: “Nimekuondolea kutu, pamoja na yale makorokoro ya mgongoni.”

Makorokoro! Mgongoni, karibu na mpini, palikuwa na taji, chini yake herufi W, na chini yake tena tarakimu 15, yaani jeshi la Prussia, ufalme mkubwa wa Ujerumani, liliipokea mwaka 1915 chini ya Mfalme Wilhelm II. Alama hizo zimevuka vita vikuu viwili, lakini hazikumaliza wiki moja mikononi mwa mtu huyu. Nilipopapasa kwa ukucha nilikuta chuma laini kama shavu la mtoto mchanga. Jina la mtengenezaji, Alex. Coppel wa mji wa Solingen, na chapa yake ya mizani vimesalimika, nadhani kwa sababu msasa ulimwishia.

Nilimweleza kwamba herufi huonyesha ni jeshi la ufalme upi wa Ujerumani: singe ya Bavaria ingekuwa na L ya Ludwig, na ya Saxony FA ya Friedrich August, na kwamba alama hizo ndizo nilizozinunua, chuma ni nyongeza tu. Akanisikiliza, akakohoa, akanikabidhi ankara yenye mstari usemao “kuondoa makorokoro”. Ameyaandika! Na ameyatoza zaidi ya kutu!

ChumaChakavu: Pole, mkuu, ingawa ungetueleza kwanza ni nani aliyekutuma kwake, ilhali mwaka jana alinichemshia mbao za mpini hadi zikapinda.

MwanaSolingen: Una hakika gani kuwa W hiyo ilikuwa ya Prussia? Württemberg nayo ilikuwa na Wilhelm II wake, aliyetawala hadi 1918, na umbo la taji ndilo linalosaidia kuwatofautisha. Tuwekee picha ya taji.

Mwenye uzi: Taji lipi, ndugu yangu? Ndilo makorokoro yenyewe!

MpiniMbili: Ncha pana ya 98/05 ndiyo iliyofanya watu waiite kisu cha bucha. Kwa mng'aro huo, ipeleke buchani ikaanze kazi.

MzeeWaAla: Nyinyi mnalilia taji, mimi nimeuziwa 98/05 ya msumeno ambayo meno yake yamekatwa juzi, tena safu moja, wakati za kweli zina safu mbili zilizopangana sambamba.

ChumaChakavu: Afadhali yako, mzee. Yangu ya 84/98, aina nyingine ya singe ya Kijerumani, ina chapa ya cof, ambayo ni ya kiwanda cha Carl Eickhorn, lakini namba ya ala na ya singe hazijuani kabisa. Muuzaji anashikilia kwamba walikuwa mapacha.

MzeeWaAla: Namba ya singe inaishia na ngapi? Mimi nina ala ya 84/98 iliyokosa mwenyewe.