Tupeane uzoefu: samani zilezile, michezo ya enzi tofauti

Wakuu, habari zenu. Vikundi vyetu vya maigizo vya kujitolea havina fungu la samani, lakini mchezo wa karne ya 19 unadai sebule ya karne ya 19. Mnafanyaje? Naanza mimi.

Sisi tunachagua umbo kwanza. Aliyekaa katikati ya ukumbi hajui mbao ni ya mti gani. Anachoona ni mgongo wa kiti na miguu yake. Tegemeo letu ni viti vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, mfano wa kile cha mtengenezaji samani Thonet, namba 14 cha mwaka 1859. Umbo lile limedumu, kwa hiyo kinaingia mkahawa wa 1880 na ofisi ya 1930 bila kuguswa. Mkivipata, msiviachie! Vile vya sponji tunavibadilisha kitambaa tu: kipya kinapita juu ya cha zamani, kinabanwa kwa stepla chini ya fremu, mchezo ukiisha tunaking'oa.

Fundi wa jukwaa: Naunga mkono. Ila tazameni skrubu. Zile za kichwa cha nyota ni za miaka ya 1930, hazina kazi kwenye meza ya enzi ya Malkia Victoria. Watazamaji wakiwa karibu, nazifunika kwa nta ya rangi ya mbao.

Mtu wa taa: Kioo cha ukutani kisugueni kwa sabuni ya kipande iliyo kavu. Hakiwapigi watu mwanga machoni tena, na baadaye kinaoshwa.

Mtunza stoo: Kwetu cha kuazima hakipakwi rangi, hakipigwi msumari. Kinatandikwa kitambaa, basi. Na kinapigwa picha siku kinapoingia.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Kuna aliyetumia piano mbovu?

Fundi wa jukwaa: Tunayo. Ganda limebaki, ndani mwepesi, watu wawili wanaihamisha. Imeshakuwa piano, na kwa kuifungua mbele imeshakuwa kabati la vinywaji. Lakini ndugu zangu, msikate nyuzi! Zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu ya tani nyingi, na moja ikifyatuka inajeruhi vibaya. Mwiteni fundi wa piano azilegeze kidogo kidogo, ndipo mtoe ile fremu ya chuma inayozishikilia.