Mayai ya Pasaka kwa rangi za jikoni: tupeane uzoefu

Mama Ibanda (Bukavu): Bandugu, hamjambo. Watoto wa hapa nyumbani wameona mayai ya rangi kwenye simu na sasa hawanipi amani. Rangi za unga zinazouzwa sokoni siziamini, nyingine hazina hata maandishi. Nani amewahi kutumia vitu vya jikoni? Semeni yai lilitoka rangi gani kweli, si ile ya kwenye picha.

Yaya wa Birere (Goma): Maganda ya vitunguu, dada, usihangaike na kingine. Wauzaji huku huyafagia jioni. Ukiomba wanakujazia mfuko bure, ila kwanza watakucheka. Jaza sufuria maganda makavu, maji yayafunike, yachemke nusu saa hivi mpaka maji yawe mekundu ya kuiva. Chuja, acha yapoe, tia vinegre (siki) kijiko kimoja au viwili, ndipo uweke mayai mabichi na kuyachemsha dakika 10 hadi 12. Yaache humo humo yapoe. Ukiyatoa mapema unapata rangi ya chungwa, ukiyaacha usiku kucha kwenye frijo inakuwa ya tofali.

Sasa utamu wenyewe: kabla ya kuchemsha, bandika jani la dhania kwenye yai lililoloweshwa, livishe kipande cha soksi ya nailoni na ufunge kwa uzi, kibane kabisa. Ukifungua, jani limebaki limechorwa mpaka vimshipa vyake. Pangusa na mafuta kidogo ling'ae. Umeme ukikatika, mbabula, jiko la makaa, inatosha.

Papa Katuba (Lubumbashi): Huku niliwahi kupika kwa familia ya Wagiriki. Wao ni nyekundu tu, damu ya Kristo, na hupaka Alhamisi Kuu. Siku ya Pasaka kila mtu anashika yai lake, wanagonganisha ncha kwa ncha, na ambaye lake halikupasuka ndiye mwenye bahati mwaka huo. Mzee wa nyumba alikuwa anachagua lake kwa kuligongagonga kwenye meno kwanza! Ila kalenda yao ni nyingine: mwaka 2024 sisi tulisali Pasaka tarehe 31 Machi, wao 5 Mei. Mwaka 2025 zikaangukia siku moja, 20 Aprili.

Mwalimu wa Kemia (Bukavu): Mama Ibanda, angalia ganda la yai kabla ya yote. Mayai ya kahawia yanafaa kwa vitunguu tu. Kwa rangi nyingine tafuta meupe, au ya kuku wa kienyeji yaliyopauka.

Bizari ya manjano inashika haraka, na vidole vyako pia. Betrave, kile kiazi chekundu, inatoa waridi hafifu. Kabichi nyekundu ndiyo inayoshangaza wanafunzi wangu: maji ni ya zambarau, ukitia vinegre yanageuka waridi, lakini yai linatoka la buluu, kwa sababu ganda ni kalisiamu kaboneti na linapunguza ile asidi. Hiyo loweka yai lililokwisha kuiva, usiku mzima. Rozela, yale maua mekundu ya chai, usitarajie nyekundu; inatoka kijivu cha mawingu, na ukali wake unakula ganda mpaka unaona vipovu.

Kijana wa Himbi (Goma): Yai lenyewe kwa bei ya sasa, halafu mtu analipaka rangi?

Yaya wa Birere (Goma): Mdogo wangu, si tunalila baadaye? Hakuna kinachotupwa.

Mama Ibanda (Bukavu): Asanteni sana. Yakishapakwa yanakaa muda gani? Frijo yangu inategemea umeme, na umeme mnaujua.

Mwalimu wa Kemia (Bukavu): Kwenye baridi ya kweli, wiki moja. Nje, zaidi ya saa mbili usiwape watoto. Kwa hiyo pika Jumamosi usiku, yalowe mpaka alfajiri kwenye frijo ikiwa umeme upo. Ukikosekana, pika vitunguu Jumapili asubuhi, myale mkitoka misa.

Mama Ibanda (Bukavu): Basi ni vitunguu. Aliye karibu na soko la Kadutu aniambie nani anauza mayai ya kienyeji yasiyo na nyufa.