Kundi la Nyumba ya Kiponda (Mji Mkongwe, Zanzibar): fundi anataka kupiga sementi, mnasemaje?

Mwanaisha: Asalaam alaykum wanafamilia, shikamooni wakubwa. Nnaleta tena habari za nyumba msinchoke. Ule ukuta wa ukumbini unaopakana na uchochoro umefura, lipu ukiibonyeza inaitika ndani, ukikwangua kidogo unamwagika unga, chini kumetoka chumvi nyeupe na uvundo mpaka nguo za kabatini zinanuka. Na darini chumbani kwa bibi boriti 2 za pembeni zimeinama, si sana lakini ukilala chali unaziona. Leo nimeita fundi kasema tubandue lipu yote tupige sementi nzito yenye dawa ya kuzuia maji, na juu tuvunje sakafu tumwage zege. Milioni 9 na ushei bila ya rangi

Mwanaisha: 📷 picha 4

Ami Seif: Waalaykum salaam. Marahaba. Bibi hajambo?

Mwanaisha: Hajambo ami, anakohoa tu usiku, namwambia ahamie chumba cha kati hataki kusikia

Salum: 9M?? huyo kaona mlango wa nakshi akadhani hoteli 😂

Salum: mie naona huo ukuta upigwe tailzi mpaka kiunoni basi, safi, unafutika, hata tukitaka kukodisha kwa wageni picha zinatoka vizuri

Khamis: Salum kaa kitako kwanza

Khamis: Mwanaisha huyo fundi usimrudishe. Skizeni, ile nyumba imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na udongo, haina msingi wa zege wala nailoni ya kuzuia unyevu chini kama nyumba za matofali, ukuta umekaa moja kwa moja kwenye ardhi na unavuta maji kutoka chini kila siku. Zamani ulikuwa unavuta na unatoa, mana chokaa inapitisha hewa, maji yanapanda kidogo yanakauka yanaondoka zao. Mkishapiga sementi mumeufunga, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi kutafuta njia na yanapanda na chumvi, ile chumvi ikikauka nyuma ya lipu inavimba inaisukuma, ndo huko kufura. Tailzi ndo mbaya zaidi, leo maji yako kwenye goti mwakani yako kwenye dirisha

Ami Seif: Khamis mwanangu, mimi nyumba yangu Mbagala ni sementi tupu mwaka wa 20 huu haijafura hata siku moja. Haya ya chokaa ni maneno ya wazungu wa miradi

Khamis: Ami nyumba yako ya tofali za sementi, sementi kwa sementi zinaelewana. Hii si hiyo. Na wazungu wameikuta chokaa hapa ami, waliojenga Kiponda hawakuwa na mfuko wa sementi hata mmoja na nyumba ziko zaidi ya miaka 100

Zuhura (Maskati): Salaam jamani nimetoka kazini sasa hivi. Kwani huo ukuta si ulitengenezwa juzi tu? nakumbuka nilituma hela

Mwanaisha: Ulitengenezwa kabla ya harusi ya Maryam dada, kwa sementi hiyohiyo. Ulikaa vizuri masika 2 tu

Shangazi Rukia: 🎤 sauti 3:12

Salum: shangazi tunaomba uandike, niko kwenye daladala

Mwanaisha: Nawaandikia mie. Shangazi anasema zamani ule ukuta ulikuwa hauna matatizo kwa sababu kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani marehemu babu alikuwa anapaka chokaa nyumba nzima, nje na ndani, watoto wote wanashika brashi. Sementi ya kwanza kaileta marehemu baba mana wageni walikuwa wakiegemea ukuta wanaondoka na mgongo mweupe, watu wakicheka. Na anasema sakafu ya juu ilipigwa kwa vigongo, chokaa na kokoto, watu wamejipanga wanaimba siku nzima, asiivunje mtu. Halafu kuna dakika nzima anamsema jirani na maji yake

Khamis: Jirani gani na maji gani??

Mwanaisha: Huyu wa nyuma. Gata lake limekatika, mvua ikinyesha maji yote ya bati lake yanashuka kwenye ukuta wetu. Na kiyoyozi chake kinadondokea palepale mchana kutwa

Khamis: Sasa mnaona, hamjanambia la maana mnanambia la rangi 😅 Hapo ndo pa kuanzia. Hata ukipiga chokaa ya dhahabu kama maji ya jirani yanashuka ni kazi bure. Shangazi aende kwa jirani na kashata, akikataa aende kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Gata ni kitu kidogo na bomba la kiyoyozi ni mpira wa mita chache kuupeleka kwenye mtaro

Shangazi Rukia: Nitakwenda. Kashata simpelekei

Zuhura (Maskati): 😂😂😂

Khamis: Haya boriti. Mwanaisha, picha ya 3 ile, juu ya zile boriti 2 kwenye paa kuna nini?

Mwanaisha: Tangi

Khamis: La lita ngapi

Mwanaisha: 2000

Khamis: Subhanallah. Lita 2000 ni tani 2 yakhe! Tani 2 zimekaa juu ya boriti za mikoko alizokata mtu enzi ya Sayyid fulani huko, na juu ya boriti kuna sakafu ya chokaa nayo nzito peke yake, na chini yake kalala bibi

Salum: lakini Khamis maji ya bomba hayapandi juu, yanakuja usiku na kwa zamu, tungefanyaje? choo cha juu kingekuwa kikavu

Khamis: Sikatai maji, nakataa mahali. Tangi kubwa lishuke uani juu ya jukwaa la chini, pampu ndogo ipandishe kwenye tangi dogo la lita 200, na hilo dogo likae juu ya makutano ya kuta nene, si katikati ya chumba. Leo hii fungueni maji mulimwage lote, msingoje mtu. Na bibi asilale pale mpaka boriti zitiwe propu, nguzo za muda za kuzishikilia

Khamis: Kesho Mwanaisha chukua bisibisi, panda ngazi, ile ncha ya boriti inapoingia ukutani ichome. Ikizama kama kwenye mkate imeoza au ina mchwa, ikigonga ngumu labda imepinda tu kwa uzito. Zinaozaga pale kwenye ncha mana ndo panapopata unyevu, katikati unaiona nzima kumbe mwisho hamna kitu. Na kama zimeoza zinabadilishwa moja moja huku nyengine zimeshikiliwa, hazing'olewi zote kwa pamoja. Zege juu marufuku, uzito ule kuta hizi hazijazaliwa nao

Ami Seif: Kwa hiyo mpango wako ni upi na bei yake. Maana nyumba ni ya mirathi, tuko warithi 7, asije mtu kusema hakushirikishwa

Khamis: Mpango ami. Kwanza maji: gata, kiyoyozi, tangi, na bati letu pia likaguliwe misumari. Hilo kabla ya masika ya mwezi wa 3. Pili propu na boriti. Ukuta ni wa mwisho, na ukuta hauna haraka. Sementi ibanduliwe kwa tindo ndogo taratibu mtu asije na nyundo ya kilo 5 akatikisa mawe, kisha ukuta uachwe uchi ukauke, miezi si siku, chumvi ikitoka ipigwe brashi kavu ifagiwe itupwe, isioshwe kwa maji mana itarudi ndani. Ukishakauka ndo lipu ya chokaa, ndoo 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, chokaa iwe imelowekwa wiki kadhaa sio ya jana, na mchanga usiwe wa pwani kabisaaa, wa pwani una chumvi. Tabaka nyembamba nyembamba. Mwisho rangi ya chokaa, sio ya plastiki inayong'aa

Salum: miezi ukuta uko uchi ukumbini?? wageni watasemaje

Mwanaisha: Wageni gani Salum, anokuja ni wewe tu na unakuja kula

Zuhura (Maskati): Khamis na umeme? ile swichi ya ukuta huo nilipokuja ilikuwa inanipiga

Mwanaisha: Bado inapiga, tunaibonyeza na kandambili

Khamis: Laa ilaha illallah. Zimeni saketi hiyo kwenye meni swichi sasa hivi, ukuta ule una maji na chumvi, watoto wanapita hapo. Fundi umeme mwenye leseni apitishe waya mpya juu kwenye tranki, ule mfereji wa plastiki wa nyaya, usichimbwe ukuta, na aangalie erthi, waya wa kupeleka umeme ardhini, kama ipo, nyumba nyingi za huku haipo

Ami Seif: Na serikali je? Isije kuwa tunaanza wanatusimamisha

Khamis: Kibali lazima ami, Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, eneo zima liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tokea 2000. Nendeni na picha hizihizi na muwaombe mtu wao aje kuziona boriti. Watu wanawakimbia wanafanya usiku usiku, mie naona ni ujinga, wale wanazijua hizi nyumba kuliko fundi wako wa milioni 9. Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, mmeiona ilivyoshuka Disemba 2020, na ile ilikuwa na mafundi ndani inatengenezwa

Ami Seif: Sawa. Bado sijakubali hayo ya sementi moja kwa moja lakini la tangi umenitisha. Niandikie makadirio kwa karatasi, kazi ya maji na boriti peke yake, ukuta tutaujadili baadae. Mimi natoa laki 5 ya kuanzia

Zuhura (Maskati): Mie riyali 100 mwisho wa mwezi inshaallah, ila iende kwenye boriti na umeme, nataka risiti msinitumie sauti

Shangazi Rukia: 🎤 sauti 0:41

Mwanaisha: Shangazi anasema anatoa chakula cha mafundi, hela hana. Na keshatoka kwa jirani, jirani kasema gata ataweka Jumamosi, kumbe naye ukuta wake kwa ndani umefura anatafuta fundi 😂

Khamis: Mwambie asimwite yuleyule

Mwanaisha: Haya nimezima saketi, tangi linamwagwa. Bibi kakubali chumba cha kati kwa sharti samadari yake, kile kitanda chake cha kizamani, iende naye

Salum: ile samadari? ile haipiti mlangoni

Mwanaisha: Inafunguliwa, iliingia vipi? Njoo leo baada ya isha na wenzio 3 na spana, nati zimeshika kutu. Pilau lipo

Salum: nakuja