Mrejesho: taa za mbele za Hilux, globu za H4

Wakuu, shukrani. Niliuliza kwa nini globu za wati 100/90 (fulu 100, dimu 90) zinatoa mwanga hafifu wa njano huku swichi ikipata moto. Tatizo ni waya: betri ilisoma volti 13.8, plagi ya taa 11.4. Volti zikipungua asilimia 10 tu, mwanga hupungua karibu asilimia 30.

Nimefunga rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) mbili za ampia 40, ya dimu na ya fulu. Kila moja ina fyuzi yake ya ampia 25 jirani kabisa na betri, waya wa milimita 4 za mraba hadi pini 30 ya rilei (umeme unapoingia), kisha 87 (unapotokea) kwenda kwenye globu. Plagi ya zamani inaamsha rilei tu, kupitia pini 85 na 86, ncha mbili za koili (sumaku ya ndani ya rilei).

Wenye Toyota, pimeni kwanza! Nyingi swichi yake hukata ethi (hasi), si chanya. Ukifunga 86 kwenye waya wa dimu na 85 kwenye bodi, rilei hailii kabisa. Funga koili kati ya pini ya pamoja (ya dimu na fulu) ya plagi ya zamani na waya wa dimu au fulu.

Sasa globu inapata 13.4. Soketi nimeweka za kauri. Ya plastiki ilishayeyuka kuzunguka pini ya dimu. Ethi imefungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.