Wauzaji wa laptopu za gemu, andikeni wati: nimeuziwa RTX 3050 pamoja na chaja ya wati 65

Wakuu, salaam.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki tatu zilizopita nilitoa shilingi 1,950,000 taslimu katika duka moja la Kariakoo, fedha niliyoidunduliza kwa miezi kumi na moja, nikanunua kompyuta mpakato iliyotangazwa kuwa ni ya gemu: prosesa ya Ryzen 5 5600H, kadi ya grafiki ya RTX 3050 yenye GB 4, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8, SSD (hifadhi ya mafaili) ya GB 512, kioo cha hezi 144, imetoka Dubai, safi kama mpya. Kila kilichoandikwa katika tangazo lile kilikuwemo ndani ya mashine, na hapo ndipo ubaya wa jambo lenyewe ulipo, kwa sababu muuzaji anaweza kusimama mbele ya mtu yeyote akaapa kwamba hakusema uongo. Alichokinyamazia ni wati, yaani kiasi cha nguvu ya umeme ambacho chaja inaleta na kadi inatumia.

Najua wapo watakaouliza kama niliijaribu, kwa hiyo nijibu mapema. Niliijaribu kwa kadiri nilivyoruhusiwa, yaani dakika zisizozidi tano za gemu ya mpira, nikiwa nimesimama kaunta na wateja wengine wakisubiri nyuma yangu. Betri ilikuwa imejaa, picha zikatembea vizuri, nikaridhika. Kabla ya hapo, mashine ilipowashwa tu, ulitokea ujumbe kwenye kioo cheusi ukieleza kwamba chaja iliyochomekwa ina nguvu ndogo kuliko inayohitajika. Kijana wa kaunta alibonyeza Enter kabla sijamaliza kuusoma, na nilipomuuliza akaniambia, "Hiyo kawaida kaka, za Dubai zote zinaleta hivyo, wewe bonyeza tu." Nilimwamini, kwa kuwa nilidhani mtu anayeshinda na laptopu kuanzia asubuhi hadi jioni anajua anachokisema.

Usiku ule ule nyumbani Mbagala nilianza mechi ya kwanza. Kipindi cha kwanza kilikwenda salama. Kipindi cha pili wachezaji walianza kukatakata, fremu, yaani picha zinazoonyeshwa kwenye kioo, zikashuka kutoka 60 hadi 30 na kitu kwa sekunde, zikapanda kidogo, zikashuka tena. Nilidhani ni joto, nikainyanyua mashine na kuiwekea feni ya mezani, lakini hapakuwa na nafuu. Kilichonishtua zaidi ni betri: chaja ilikuwa imechomekwa ukutani, umeme ulikuwepo, taa ya kuchaji ilikuwa inawaka, na bado betri ilishuka kutoka asilimia 100 hadi 41 katika muda wa saa moja na nusu. Laptopu iliyo kwenye umeme ilikuwa inakula akiba yake yenyewe.

Nikaigeuza chaja na kusoma kibandiko chake, jambo ambalo ningelifanya dukani nisingekuwa ninaandika haya. Kimeandikwa volti 19.5 na ampea 3.33. Zidisha namba hizo mbili utapata wati 65 kasoro kidogo. Kisha nikaigeuza mashine yenyewe na kusoma kibandiko cha chini, ambacho kinataka volti 19.5 na ampea 7.7, yaani wati 150. Volti ni zile zile, ncha ya waya ni ile ile na inaingia bila kulazimishwa, kwa hiyo mashine inawaka na mteja anaondoka akiwa na furaha. Kumbe amepewa chaja ya laptopu ya ofisini, isiyofikisha hata nusu ya nguvu inayotakiwa.

Hesabu yenyewe haihitaji fundi. Prosesa ya 5600H imeundwa kutumia takriban wati 45 inapofanya kazi kwa nguvu. Kadi ya grafiki ya mashine yangu imewekewa kikomo cha wati 60. Hizo tayari ni wati 105, hujahesabu kioo, SSD, feni na betri inayotaka kuchajiwa. Chaja inaleta 65. Kwa kuwa umeme hautoki hewani, mashine inafanya mambo mawili kwa pamoja: inakopa kwenye betri, na inaibana kadi isitumie nguvu yake. Nilipofungua programu ya kupima, niliiona kadi inacheza kati ya wati 20 na 28 wakati wote wa gemu. Jina lililoandikwa kwenye tangazo ni RTX 3050, lakini kazi iliyokuwa inafanyika ni ya kadi ndogo zaidi, na mimi nililipia jina.

Hata ukiiweka kando chaja, bado kuna jambo ambalo wauzaji wetu hawalitaji kabisa, nalo ni kwamba RTX 3050 ya laptopu si kitu kimoja. Watengenezaji wanaruhusiwa kuiwekea kikomo chochote kati ya wati 35 na wati 80, na kasi yake ya juu hubadilika kulingana na kikomo hicho, kutoka megahezi 1057 hadi 1740. Laptopu mbili zikikaa kwenye rafu moja, zote zimebandikwa jina lile lile, moja inaweza kuiacha nyenzake mbali sana katika gemu ile ile. Zamani kulikuwa na alama ya kumsaidia mnunuzi, kwa sababu kadi zilizopunguzwa nguvu ziliongezewa neno Max-Q mwishoni mwa jina. Tangu kizazi cha RTX 30 kilipoingia kwenye laptopu mwaka 2021, neno hilo liliondolewa kwenye jina la kadi. Baada ya wanunuzi kulalamika, NVIDIA, kampuni inayounda kadi za RTX, iliwataka watengenezaji wa laptopu wazitaje wati katika kurasa za bidhaa zao, na wengi sasa wanazitaja. Kwa hiyo taarifa ipo, imeandikwa, ni ya bure, na muuzaji wa Kariakoo anaweza kuipata kwa dakika mbili kwa kutumia namba ya modeli iliyo chini ya mashine. Haiandiki kwa sababu hataki kuiandika.

Kuhusu RAM nitasema kwa kifupi, ingawa nayo imeniuma. GB 8 zilikuwa ni kijiti kimoja, nafasi ya pili ikiwa tupu. Kijiti kimoja cha DDR4 cha kasi ya 3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, na vijiti viwili vikifanya kazi sambamba hupitisha mara mbili ya hapo. Prosesa za aina hii huonyesha tofauti hiyo waziwazi kwenye gemu. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc, ukafungua ukurasa wa utendaji na kugusa kumbukumbu, Windows inakuonyesha nafasi ngapi zimetumika. Dukani sikujua kwamba pa kuangalia ni hapo.

Siku ya tatu nilirudi dukani nikiwa na mashine, chaja na picha za vibandiko vyote viwili. Nilizungumza kwa adabu. Mwenye duka hakukanusha kwamba chaja si ya mashine ile. Alichonijibu ni kwamba laptopu iliwaka mbele yangu, RTX 3050 niliiona kwa macho yangu, na karatasi ukutani imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwomba anipe chaja sahihi tu, yaishe. Akasema anayo, lakini ni shilingi 110,000. Wakuu, tafakarini jibu hilo. Chaja ya mashine ile ilikuwepo dukani mwake, au ya mwenzake mfano wa hiyo, na aliamua kuitenga ili aniuzie mara ya pili. Nilipotazama risiti yangu ya EFD (mashine ya risiti za kodi) nikaona imeandikwa neno moja tu, laptopu, pamoja na bei. Hakuna modeli, hakuna kadi, hakuna chaja. Ukitaka kudai, unadai kwa kushikilia nini?

Nililipa, kwa sababu mashine ilikuwa haina kazi bila hiyo chaja. Nikanunua na kijiti cha pili cha RAM kwa 95,000 kutoka duka jingine, na fundi akasafisha feni na kubadilisha gundi ya joto, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, kwa 25,000. Jumla ya fedha iliyonitoka ikawa 2,180,000. Niseme kweli kwamba mashine sasa ni nyingine kabisa. Ule ujumbe wa kuwasha umetoweka, kadi inafika wati 60 na kubaki hapo, na gemu ile ile iliyokuwa inakatika sasa haishuki chini ya fremu 70 nikiwa nimeweka picha katika kiwango cha wastani. Nimeielekeza Windows itumie kadi ya NVIDIA kwa kila gemu, kwenye mipangilio ya onyesho, kwa sababu mojawapo ilikuwa inatumia grafiki ya ndani ya prosesa; nimeweka hali ya utendaji wa juu ninapocheza; na ubora wa ngozi za picha (texture) sizidishi, maana GB 4 za kumbukumbu ya kadi hujaa haraka. Laptopu yenyewe haina kosa lolote. Kosa ni la aliyeiuza.

Sasa sikieni kinachonichoma kuliko hata fedha. Wiki ile ile niliyonunua, duka la tatu kutoka pale lilikuwa na modeli hiyo hiyo kwa shilingi 2,100,000. Muuzaji alinionyesha chaja kubwa nzito, akaniambia hii ndiyo yake, RAM ni vijiti viwili, jumla GB 16. Nilimwona ni mtu wa bei ghali, nikamuaga, nikaenda kwa yule wa 1,950,000. Yule mwaminifu alipoteza mteja kwa sababu matangazo yote mawili yalisomeka sawa: Ryzen 5, RTX 3050, SSD 512. Wati zikiachwa kuandikwa, anayetoa mali kamili anaonekana mlanguzi, na anayenyofoa chaja anaonekana mwenye huruma. Nimemrudia yule wa pili nikamwomba radhi, na nikamwambia nitamletea wateja.

Naomba pia tuwe wakali na ushauri tunaopeana wenyewe. Kila kijana anapouliza laptopu ya gemu kwa bajeti ndogo, jibu la kwanza ni kwamba achukue yenye prosesa ya Intel iitwayo i7. Core i7-7500U ya mwaka 2016 ina koo (core, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi) mbili tu, na herufi U mwishoni inaonyesha ni prosesa ya kubana umeme. 5600H ambayo inaitwa Ryzen 5 ina koo sita. Mtu akiuziwa i7 ya namna hiyo kwa laki saba akiambiwa itabeba gemu za sasa, na sisi tuliomshauri tumeshiriki kumdhulumu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani. Ninaandaa malalamiko ya maandishi yenye picha za vibandiko, risiti na ule ujumbe wa kuwasha, ambao niliurudisha kwa makusudi kwa kuichomeka tena chaja ndogo na kuupiga picha.

Ninachokidai kwa wauzaji ni kidogo mno. Katika tangazo la laptopu yoyote mnayoiita ya gemu, andikeni wati za kadi, wati za chaja mnayoitoa na wati za chaja inayotakiwa, na idadi ya vijiti vya RAM. Hivyo ni vipengele vinne, na vyote vinaenea katika mstari mmoja wa simu. Kikomo cha kadi kinasomeka kwenye paneli ya NVIDIA, ukifungua taarifa za mfumo. Kama chaja halisi imepotea njiani kutoka Dubai, semeni imepotea na mpunguze bei. Hakuna atakayewalaumu kwa hilo.

Na nyinyi mlionunua laptopu za namna hii mwaka huu, naomba kila mmoja aigeuze chaja yake sasa hivi, azidishe volti kwa ampea, alinganishe na kibandiko cha chini ya mashine, kisha aweke hapa modeli na namba zote mbili bila kutaja duka. Nitazikusanya na kuziambatanisha na malalamiko yangu.